Kaburi Moja kwa Mjukuu wa Wafalme wa Urusi

Wandugu zangu wa Goma,

Tangu nirudi, kila anayenikuta njiani ananiuliza swali lile lile: "Bienfait, yule muzee muzungu ulimuacha wapi?" Wengine wanauliza kwa upole. Wengine, kama mama mkubwa wangu, wanauliza kwa sauti ya hakimu, utadhani nilimsahau kwenye kiti cha gari kama mwavuli. Nimechoka kueleza vipande vipande kwenye kona za barabara, nimeona bora niandike yote mara moja. Mnaojua kusoma mtawasomea wengine. Shule mimi niliiachia mwaka wa nne wa sekondari, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe muendelee.

Kwanza mjue muzee ni nani. Anaitwa Platon. Babu yake alikuwa binamu wa mfalme wa Urusi, yule wa mwisho, ambaye watu wake walimuondoa kisha wakamuua. Babu akakimbia na sanduku moja la koti za sherehe zenye vifungo vya dhahabu, bila suruali hata moja, maana suruali zilikuwa kwenye sanduku lingine. Hivyo ndivyo ukoo wa kifalme ulivyoingia Ulaya. Baba yake Platon akasomea kilimo, Wabelgiji wakamtuma huku kwetu, milimani juu ya Lubero, asimamie shamba la pareto. Platon akazaliwa kule. Mama yake akafia kule, akazikwa kule, mtoto akiwa na miaka tisa. Haukupita muda nchi ikapata uhuru, wazungu wakafunga mizigo, na mjukuu wa wafalme akaenda Ubelgiji kutengeneza lifti za maghorofa mpaka alipopata pensheni.

Kila mwaka, alinieleza, wajukuu wa wale wakubwa wa Urusi wanakutana katika ukumbi wa kukodi, wanakula kuku, kisha wanagombana nani angekuwa mfalme kama Urusi ingetaka mfalme. Urusi haijawahi kuwauliza. Wana rais, makamu wawili wa rais, washauri, na katibu anayeandika ugomvi wote katika daftari. Platon ni makamu wa pili. Nikamwambia, "Muzee, hiyo ni mutuele, chama cha michango. Hata sisi tunazo, karibu kila avenue."

Nilimkuta kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa, mimi nikiwa juu ya ngazi napaka rangi kibao chao, maana ndiyo kazi yangu, vibao na maandishi ya magari. Akaniuliza kama naijua barabara ya Lubero. Nilikuwa sijawahi kupita Rutshuru. Nikajibu kwamba nimezaliwa juu yake.

Alichotaka ni kitu kimoja. "Bienfait," aliniambia kwa Kifaransa, "sina mke, sina mtoto. Kule ninakoishi kaburi unalikodi. Muda ukiisha na hakuna wa kukulipia, wanakutoa kama mpangaji. Nataka kwenda kuwaomba watu wa kilima kile pahali kando ya mama. Wakikubali, nitakufa vizuri. Wakikataa, sijui."

Nilitaka kulia. Lakini nilikuwa juu ya ngazi.

Goma hadi Kanyaruchinya

Ilikuwa katika ile miezi barabara ilipokuwa bado inapitika. Gari tulipata kwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa viazi ambaye gari lake la jipu hushuka limejaa na kupanda tupu. Mtu wa maneno machache. Alimtazama Platon, akatazama viatu vyake, akasema, "Atakaa mbele."

Kosa langu lilianza hapo. Barabara ile ina mabaria ya kusimamisha magari, mnayajua, na kila baria ina watu wake, sitasema wa nani, maana leo ni hawa na kesho ni wengine. Nikawaza: gari la mkubwa halisimamishwi. Nikachukua karatoni ya sabuni, nikaipiga rangi tatu, nikaandika kwa herufi ambazo hata sasa ninazionea fahari: ALTESSE. MWAMI WA URUSI. PROTOKOLI. Nikaiweka nyuma ya kioo. Altesse ni mtukufu kwa Kifaransa, na neno protokoli lilikuwa ni mimi.

Mjue pia kwamba Kiswahili cha Platon kilisimama akiwa na miaka tisa. Anajua kusema nipe, nimeanguka, huyu amenipiga, sitaki kuoga. Zaidi ya hapo hana. Kwa hiyo niliposema nitakuwa mdomo wake, alifurahi sana, maskini.

Kanyaruchinya, baria ya kwanza. Askari akasoma karatoni polepole.

"Mwami wa wapi?"

"Wa Urusi, komanda."

"Urusi iko na mwami?"

"Alikuwepo."

"Sasa huyu ni nani?"

"Ni wa ukoo, komanda. Kama angekuwepo mwami, pengine ndiye yeye."

Askari akainama dirishani. Platon alivaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko. "Mbona anavaa kama mwalimu wa primeri?"

"Ni unyenyekevu."

Askari akafikiri, akapiga saluti. Platon akanyoosha mkono, akagonga mlango wa jipu mara mbili kwa ngumi, kama anajaribu kama umefunga vizuri. Tukapita. Nyuma yangu nikamsikia askari akidai ya chai, "Mutoto wa baba mwami, munaacha kitu gani huku?" lakini sisi tulikuwa tumeshaondoka.

"Hiyo karatoni itatuletea maneno," akasema Papa Kambale.

"Imetupitisha, papa."

"Imetupitisha. Na ule askari ameshika simu. Umemuona?"

Nilimuona. Nilidhani anampigia mke wake.

Rutshuru

Rutshuru tulifika na njaa. Kuna restora moja pembeni ya soko, maharagwe yanachemka mbele ya mlango, brosheti za nyama zinapigwa pepeo juu ya makaa, na harufu ile inakuvuta mkono. Platon aliona maharagwe akatabasamu kama mtoto. Akakaa. Akakunja mikono ya sweta.

Hapo muzee mmoja aliyekuwa pembeni na chai yake, aliyesema kwamba zamani alikuwa karani kwenye nyumba ya chifu, akatoka nje, akasoma karatoni, akarudi na sura ya kikao. "Mama," akamwambia mwenye restora, "unataka mwami akule hapa? Mbele ya batu?"

Ninyi mnajua desturi. Mwami hali mbele za watu. Wazee wetu hawakutaka raia aone mwami anatafuna, maana ukimuona mtu anatafuna, unajua ana tumbo, na ukijua ana tumbo, unaanza kufikiri mambo mengine. Mimi nilikuwa nimeisikia kwa bibi, lakini sikuwahi kuiwaza kama jambo linaloweza kumkuta mtu Rutshuru saa sita mchana.

Wakafunga kitenge kama pazia. Wakamhamishia Platon nyuma yake. Watu wote wakageuza viti, wakatazama barabara. Kisha likaja swali la nani atabeba sahani. Mwenye restora alisema yeye. Karani akasema mwanamke mjane hawezi. Mwingine akasema yeye ni mjumbe wa kanisa. Karani akauliza kanisa gani. Wakaanza kupima ukoo, kanisa, umri, na nani aliwahi kushikana mkono na gavana.

"Bienfait," sauti ikatoka nyuma ya kitenge, kwa Kifaransa, "kuna tatizo na maharagwe?"

"Hapana, Altesse. Wanatafuta wa kuyaleta."

Mimi protokoli sikukatazwa kitu. Nilikula brosheti tatu nikisubiri. Sitawaficha. Wakati mjumbe wa kanisa ameshashika sahani, Papa Kambale akapiga honi: msafara wa mbugani unaondoka, na gari lisilo na msafara halipiti. Tukaondoka mbio. Platon aliangalia sahani kupitia kioo cha nyuma mpaka kona.

Mbugani

Msafara ulikwenda kama nusu saa, kisha lori la mbele likasimama. Mashine yake ilikuwa inakohoa. Magari yote yakazima injini katikati ya majani, walinzi wakatuambia tusiende mbali kwa sababu ya wanyama, na watu wakashuka kufanya kitu pekee cha kufanya, yaani kuja kutazama karatoni yetu.

Nilikuwa na mikate ya mafuta ndani ya mfuko, minne, mwenye restora wa Rutshuru aliniwekea. Nilimpa Platon mmoja. Aliufikisha mdomoni, akainua macho, akakuta watu thelathini. Watu wakageuka kwa heshima, wakampa migongo. Lakini mmoja alikuwa anachungulia, na Platon akaona aibu, akaurudisha mfukoni.

Wachuuzi wawili wa kitunguu wakaja kumuomba aamue kesi yao: nani kati yao alikuwa na haki ya kukaa juu ya magunia, nani pembeni. Nikamtafsiria. Akafikiri sana. Akasema lifti ikijaa, wa mwisho kuingia ndiye anashuka. Mimi nikaona jibu hilo halina ukubwa, nikatafsiri hivi: "Mwami anasema mzigo wa nchi ni wa wote." Wakapiga makofi, wakaendelea kugombana.

Kisha Platon akataka kwenda kwenye lori. "Nasikia pampu," akasema. "Ni kitu kidogo. Nipe bisibisi." Akaanza kushuka, macho yakiwaka, mara ya kwanza tangu Goma nilimuona mzima.

"Altesse, hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mafuta. Mikono. Watu wanaangalia."

Akarudi kukaa. Tulingoja saa mbili na nusu mpaka fundi akaletwa kwa pikipiki kutoka upande wa pili. Fundi akafungua pale pale Platon alipokuwa amepaonyesha kwa kidole. Papa Kambale akawasha gari. Aliniangalia tu kwenye kioo, muda mrefu kuliko inavyopasa kwa mtu anayeendesha.

Kanyabayonga

Simu za mabaria zilikuwa zimetutangulia. Kabla jua halijaingia, tulikuta komite ya mapokezi imepanga mstari: rais, makamu, mshauri wa kwanza, mama mmoja wa maua. Hotuba ilisomwa. Ilisema urafiki kati ya Kanyabayonga na Urusi ni wa zamani sana. Platon akaniuliza ni wa tangu lini. Nikamwambia tangu saa tisa.

Chakula kilikuwepo, na safari hii hawakugombana juu ya sahani, walikuwa wamepanga yote. Bugali, mbuzi, sombe ya majani ya muhogo. Wakaviweka mezani katika chumba kilichofungwa mlango. Wajumbe watano wa komite wakaingia pamoja naye, maana mwami haachwi peke yake, wakakaa kwenye benchi wakitazama ukuta, migongo kwake, ili ale.

Mimi nilibaki nje kula na wa mlangoni. Hakuna aliyemueleza Platon. Yeye ni mtu aliyelelewa vizuri: aliona wenyeji watano wamegeukia ukuta, akafikiri wanasali. Akafunga mikono, akainamisha kichwa, akangoja wamalize. Wao wakangoja kusikia anatafuna. Walikaa hivyo mpaka bugali ikapoa na kushika ngozi. Mwishowe rais wa komite, bila kugeuka, akasema kwa huzuni, "Amekataa." Wakanyanyua sahani, wakatoka kinyumenyume.

"Bienfait," akaniambia Platon, "wana imani kubwa hapa."

Nilipoelewa, mikate nilikuwa nimeshaimaliza mwenyewe njiani, nikakimbia kutafuta hata ndizi. Nilipata ndizi mbili. Alizila chini ya blanketi. Kisha akasema, bila kunilaumu, "Nafikiri tungekuwa fundi wa lifti na rafiki yake, tungekuwa tumeshiba." Nikamwambia kesho nitatoa karatoni. Kesho yake nilisahau, wandugu. Hapana, sikusahau. Niliiangalia, nikaona herufi zilivyokaa, nikaiacha.

Juu ya kilima

Jina la kilima sitaliandika. Watu wake waliniomba, wanaogopa wajukuu wengine. Ni zaidi ya Lubero, unapanda mpaka unavaa kila nguo uliyo nayo. Viazi kushoto, viazi kulia, puaro, vile vitunguu vya majani marefu, zimesimama katika mistari, na ukungu unapita katikati yao.

Tulipofika kona ya mwisho, gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Nyuma yake, wanaume na wanawake na majembe. Hakuna aliyepiga kelele. Papa Kambale akazima injini. "Hawa ni watu wa kwetu," akasema. "Nawajua wakicheka. Leo hawacheki."

Akatoka Muzee Katembo, kapita, yaani msimamizi wa kilima, na koti la mvua na fimbo. Akasalimia kwanza, kama inavyotakiwa.

"Karibu, Mwami. Tumesikia unakuja na askari mia."

"Hakuna askari, muzee," nikajibu. "Ni sisi watatu."

"Wengine wako nyuma?"

"Nyuma hakuna mutu."

"Watu wa Kanyabayonga wanasema amekataa chakula. Mutu wa kukataa chakula ya batu anakuja na hasira."

Wakatupeleka mbele ya hangari ya zamani ya kukaushia pareto, nusu yake imeanguka, nusu ni ghala la viazi. Tukakaa kwenye majani. Hapo nikasimama, nikatoa hotuba niliyokuwa nimeitayarisha tangu Goma. Nilianza na babu na koti za dhahabu. Nilipita kwa wafalme wote niliowakumbuka. Nikafika mwisho: "Na leo, Altesse mwenyewe, kwa mapenzi yake, anaomba pahali padogo kando ya mama yake. Pa kaburi."

Ni kama nilitupa jiwe kwenye mzinga wa nyuki. Mama mmoja akajishika kichwa. Katibu wa kilima, kijana mwenye kalamu sikioni, akaacha kuandika.

"Kijana," akasema Muzee Katembo, "uko mutu wa Goma?"

"Ndiyo, muzee."

"Inaonekana. Kule munazika batu ndani ya mawe ya volkano, munasahau. Sikia. Hapa mutu akiuliza shamba ni ya nani, hatutoe karatasi, karatasi hatuna. Tunamupeleka kwa makaburi. Babu iko hapa, baba iko hapa, mutoto iko hapa: basi shamba ni yetu. Hii yote ilikuwa ya baba yake. Wakati walienda, tukagawana, tukalima, tukazaa. Mama yake iko pale chini, moja. Na yeye akilala pale, ni makaburi mbili. Makaburi mbili ni ukoo. Na ukoo ya mwami haiombake mita mbili. Inaomba kilima."

Nikamtafsiria Platon.

"Iko na ndugu?" akauliza katibu.

Platon akasema ana binamu, wengi, lakini hawawezi kuja, maana hawajawahi kukubaliana nani apite mlango wa kwanza.

"Hata binamu zetu ni hivyo," akasema Muzee Katembo, "na wanafika."

Nilielewa basi nilichofanya. Muzee alitoka Ulaya kuomba kitu ambacho fundi wa lifti angepewa kwa mazungumzo ya asubuhi moja, na mimi nilikuwa nimempandisha cheo mpaka hakipatikani. Nikaenda kwenye jipu, nikaleta karatoni, nikaipasua mbele yao.

"Ni mimi niliandika," nikasema. "Yeye si mwami. Babu yake ndiye alikuwa binamu ya mwami. Yeye ni fundi wa lifti."

Kisha katibu: "Lifti ni nini?"

"Ni chumba cha chuma. Watu wanaingia, kinapanda nao juu."

"Kwa hiyo huyu alikuwa anapandisha batu."

"Ndiyo."

"Hata wakubwa?"

"Hata wakubwa."

Wakatazamana, wakatikisa vichwa. "Anaficha," mtu akasema nyuma. "Bamwami ya kweli banaficha." Mambo yakawa mabaya zaidi.

Wakati huo wanawake walikuwa wameleta chakula cha mkutano, maana kwao mkutano hauendi bila sufuria: viazi na maharagwe, na puaro zilizokatwa juu, moshi unapanda. Vijana wawili wakakimbia na mkeka wamzungushie Platon. Nikaanza kusema kitu. Sikumaliza.

Platon alisimama. Alipita kando ya mkeka, akapita kando ya Muzee Katembo, akaenda moja kwa moja kwa wanawake, akakaa chini kwenye majani, miguu mbele kama mtoto. Alikuwa na siku mbili na ndizi mbili. Akanyoosha mikono kwa mama mmoja muzee, mwenye kofia ya sufu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Akasema kwa Kiswahili chake, chote alichonacho:

"Mama, mimi nina njaa. Nipe mimi."

Yule mama akamtazama. Anaitwa Mama Masika. Akajaza sahani, akampa. Na Platon akala. Kwa mikono, mbele ya kilima kizima. Aliungua, akapuliza, akaendelea. Maharagwe yakashuka kwenye kidevu, akayarudisha kwa kidole. Wengine waligeuka kwa heshima, wengine walijifunika uso na kuchungulia kati ya vidole. Muzee Katembo alitazama mbingu, kisha fimbo yake, kisha hakujua tena pa kutazama. Sahani ikaisha. Platon akainyoosha tena.

"Katembo," akasema Mama Masika huku akipakua, "angalia vizuri. Unaona mwami?"

Muzee Katembo akaangalia. Ilimbidi.

"Mimi naona Toni," akasema Mama Masika. "Mutoto ya Madame. Mama yangu alinibeba mugongoni, kisha akamubeba yeye. Alikuwa anaiba viazi yangu kwenye moto, na anakula hivi hivi, bila kupuliza vizuri."

"Sasa mbona haukusema tangu asubuhi?"

"Mumeniambia mwami wa Urusi anakuja. Urusi siijue. Toni ninamujua."

Platon alikuwa ameacha kutafuna. Sijui kama alielewa maneno yote. Jina alilielewa. Akamgusa Mama Masika kwenye kofia, akasema, "Huyu amenipiga." Mama Masika akacheka mpaka akashika mbavu. "Nilimupiga, ndiyo. Aliiba."

Kisha akamshika mkono, akamuongoza nyuma ya hangari. Sisi tukafuata. Kulikuwa na lundo la magunia ya viazi, wanaume walikuwa wamelirundika alfajiri ile wafiche. Mama Masika akawaangalia, wakaanza kuyaondoa wenyewe, gunia kwa gunia, wakiwa na aibu. Chini yake kulikuwa na kaburi dogo la mawe, limefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana bado kwenye udongo.

"Mama yangu alinitumaka," akasema. "Alikufa, mimi nikaendelea. Kwa hiyo, Katembo, hii kaburi mimi ndiye ninaichunga. Ni ya kwetu. Na huyu ni mudogo yangu. Akikufa atalala kwetu kama mudogo yangu, si kama mwami."

Msifikiri iliisha hapo. Jirani mmoja akasimama kulalamika kwamba sasa kwa Mama Masika makaburi yanakuwa mengi kupita ya wengine. Wakazungumza mpaka sufuria ya pili. Mwishoni katibu akasoma masharti. Moja, muzee aache umwami wa Urusi. Platon akauliza kwa Kifaransa kama kuna fomu. Hakuna. Akasema anauacha, na umakamu wa pili pia. Wakapiga makofi. Pili, Jumamosi afanye salongo, kazi ya pamoja, kama raia wote. Tatu, pahali anapewa, lakini udongo haukai bure kumngoja: mpaka atakapouhitaji, apande kitu.

Jumamosi ilikuwa kesho yake. Nilimuona mjukuu wa wafalme ndani ya mtaro, sweta limefungwa kiunoni, anabishana na katibu juu ya mteremko wa maji. Alikuwa na haki. Walimpa usimamizi wa mtaro wote kabla ya mchana.

Kurudi

Nilirudi na Papa Kambale na magunia ya puaro. Platon alibaki. Alisema Ubelgiji hakuna anayemsubiri zaidi ya mwenye nyumba. Wakati wa kuagana nilitaka kumuomba radhi, nikawa nimetayarisha hotuba nyingine. Akanizuia. "Uliona nina sweta lililotoboka," akasema, "ukanitafutia kitu cha kulifunika. Asante. Sasa nenda, Papa Kambale anashikwa na hasira."

Kanyaruchinya, askari yule yule.

"Mwami iko wapi?"

"Amejiuzulu, komanda."

"Sababu?"

"Njaa."

Akafikiri kidogo. "Hiyo sababu ninaielewa," akasema, akafungua.

Basi hapo ndipo nilipomuacha, na mama mkubwa aache kuniuliza. Jumapili alinipigia simu. Kiswahili chake sasa kimefika kama miaka kumi na mmoja. Amepanda viazi juu ya nafasi yake, vimeshika vizuri, anasema mita zile mbili zinatoa kuliko alivyodhani. Shida ni yaya wake, yaani dada yake mkubwa, Mama Masika. Kila asubuhi anakuja, anasimama pale na mikono kiunoni, anamuuliza kama anakufa ama anavuna, maana yeye anapataka pahali pale kwa puaro zake.

"Na wewe unamjibu nini, muzee?"

"Ninamuambia, yaya, ngoja. Hata maua haijatoka."